Mwaka Songwe Ilipohama

Makandana, Tukuyu
Jumapili alasiri

Mwanangu Tusekile,

Umeshuka Nkunga kumuaga bibi yako, na mama yako yuko chumbani anapiga pasi nguo ambazo watakuvua siku ya kwanza tu ukifika jeshini. Nimemwambia hivyo. Akanijibu kwamba wakikuvua wakuvue, lakini hawatasema huyu mtoto alitoka kwao amejikunja. Basi nimemwacha. Mambo ya soksi, dawa za malaria na namba za ndugu wa Morogoro ameshakuandikia kwenye daftari, na ninavyomjua hajasahau kitu. Mimi sitayagusa.

Kuna swali uliniuliza wiki tatu zilizopita, hapa hapa mezani. Ulisema, "Baba, wewe mwenyewe ulikuwa askari. Mbona mimi hutaki?" Nikainuka nikasema naenda kuwafungulia kuku. Kuku walikuwa nje tangu asubuhi, na wewe uliwaona. Tangu siku ile tumekula meza moja kama abiria wa basi, tukipeana chumvi kwa adabu. Sitaki uondoke hivyo.

Umesomea upimaji wa ardhi, na jeshi linakuchukua kwa ajili hiyo. Siku barua yako ya wito ilipokuja uliingia hapa unacheka, viatu vina tope mpaka kwenye zulia la mama yako, ukasema, "Huenda wakanipeleka mipakani, baba. Kuna bikoni za zamani, zile nguzo za mpaka, zinatakiwa kuhakikiwa." Neno hilo, mipakani, ndilo lililonifunga mdomo. Mama yako alidhani naogopa utauawa. Ninaogopa hilo pia, mzazi gani hataogopa? Lakini halikuwa hilo.

Nianze na babu yako Anyosisye, kwa sababu kila nilichokijua kuhusu mipaka kabla ya kuvaa buti nilikipata kwake. Unajua alikuwa tarishi bomani. Siku moja, nikiwa darasa la tano, alinichukua hadi nje ya ukuta wa boma akaniuliza, "Unaona nini?" Nikasema naona ukuta. Akanishika mabega akanigeuza nikaupa ukuta mgongo. "Na sasa?" Nikaona migomba, barabara inayoteremka Kyela, na mbali kabisa, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na ukungu, mng'ao wa ziwa. "Mjerumani hakujenga hapa kwa ajili ya hewa nzuri," akasema. "Alijenga hapa ili amwone anayekuja." Baba yake yeye, akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waliobebeshwa mawe ya ukuta ule, na akaishi maisha yake yote bega moja limeshuka.

Mstari wa mto Songwe, kama babu yako alivyonielezea, ulichorwa Ulaya na watu ambao hawajawahi kulowa kwenye mto ule. Mjerumani huku, Mwingereza ng'ambo, Malawi ya leo. Kwenye karatasi ulikuwa mstari tu, na watu wa kando ya mto waliendelea kuvuka kwenda kuoa na kuzika kama zamani. Ulianza kuwa mpaka pale huku ilipowekwa ngome na kule Karonga ikawekwa nyingine, zikawa zinatazamana. Kila dola ilikuwa inapanuka, inasogea, inasogea, mpaka ikafika mahali ambapo kwenda mbele zaidi kungemaliza askari wake, na hapo ndipo ikasimama ikasema, huku ndiko kwetu. Vita vyao vilipozuka, askari walitoka huku juu wakavuka Songwe kwenda kuipiga Karonga. Baadaye wale wa kule wakapanda wakaichukua Tukuyu. Waliowabebea risasi na unga walikuwa ukoo mmoja, Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule, watu wanaosikilizana bila mkalimani. Wakubwa wa vita waliondoka, Mjerumani kwanza, kisha Mwingereza. Mstari ukabaki.

Nikasema Wazungu walikuwa watu wabaya. Babu yako akacheka. "Na sisi je?" Akanieleza kwamba watemi wetu wa zamani, watoto wao walipokomaa, waliwapa vijana wenye mikuki wakawaweka pembeni kabisa mwa nchi, wazee wakakaa katikati. Wasangu walipokuja kuvamia, walikutana kwanza na vijana wale. Waliporudishwa, pale vita vilipoishia pakajengwa kijiji kipya, na baada ya muda kile kijiji kikawa cha ndani, pembeni pakawekwa vijana wengine. "Ndivyo nchi yetu ilivyokua," akasema. "Waliokuwa wakikaa pale kabla yetu hatukuwauliza." Nilikuwa mdogo, jambo lile likapita masikioni kama mvua. Nililikumbuka baadaye, nikiwa na bunduki begani.

Niliingia jeshini nina miaka ishirini na mmoja. Kwa kawaida hawampangi mtu karibu na kwao, lakini mimi nilipelekwa kituo kidogo kando ya Songwe, kule chini Kyela, kwa sababu moja tu: nilijua lugha. Wenzangu walitoka Tanga, Mara, Singida, na hakuna aliyeweza kujua mama aliyesimama ng'ambo anapiga kelele anaita mbuzi au anatoa taarifa. Mimi nilijua. Nilijiona mtu muhimu sana.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulieleza kituoni kwa muda mrefu. Shangazi yangu Tumpe, dada mkubwa wa babu yako, aliolewa na Mngonde, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo, hatua chache tu kutoka kwenye mto, mkabala na sisi. Mumewe alikuwa seremala, amekwisha kufariki wakati huo. Watoto wake wakubwa walikuwa mbali wanafanya kazi. Alikaa peke yake na mpunga wake, migomba, na kuku wasiohesabika. Nikiwa zamu alikuwa akija ukingoni upande wake, anajifanya anachota maji, anasema kwa Kinyakyusa bila kuniangalia, "Umekonda. Hawakupi chakula hao?" Nami namjibu nikiangalia juu, "Wananipa, shangazi." Ndivyo tulivyoamkiana karibu mwaka mzima.

Kisha ikaja masika ile. Wewe unaijua mvua ya Tukuyu, umezaliwa ndani yake, lakini ile ilikuwa nyingine. Maji yote ya milimani yalishuka kwa pamoja, na Songwe ikafura siku nne. Siku ya tano ilipopungua, mto haukuwa mahali pake. Ulikuwa umekata shingo ya ardhi upande wa kusini, ukapita nyuma ya nyumba ya shangazi, ukaacha mkondo wake wa zamani kuwa dimbwi la matope na samaki wanaokufa. Alilala ng'ambo akaamka upande wetu. Alitoka nje amejifunga kanga kifuani, akauangalia mto mpya nyuma ya jiko lake, akatuangalia sisi, akanipungia mkono kwa mara ya kwanza waziwazi. "Sasa nimekuja kwenu," akapaza sauti. "Mtanipikia?"

Askari walicheka. Kapteni Marwa, mkuu wetu wa kituo, naye alicheka. Nataka ulijue hilo. Hakuwa mtu katili. Aliwaandikia wakubwa wamwambie mpaka uko wapi sasa, kwenye maji mapya au kwenye tope la zamani. Majibu hayakuja. Wakati tukingoja, shangazi akawa mtu wa kituo. Alituletea ndizi za kuchoma, na aliyempenda kuliko wote, hata kuliko mimi, alikuwa Hamisi.

Hamisi alikuwa wa Tanga, mtoto wa fundi cherehani, mrefu, anayeona aibu kula mbele za watu. Alikuwa anamshonea shangazi nguo zake zilizochanika, amekaa kizingitini kwake na sindano, buti pembeni. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno ishirini. Walielewana tu.

Baada ya mto kuhama, watu wa magendo waliona nafasi. Kona ile mpya ilikuwa na matete marefu, na shamba la migomba la shangazi liliwapa kificho mpaka karibu kabisa na barabara yetu. Jioni moja, jua bado lipo, Hamisi na mwenzake mmoja walikuta mitumbwi miwili imefichwa nyuma ya migomba ile. Wakapigwa risasi kutoka kwenye matete. Mwenzake alilala chini akapona. Hamisi alipigwa pajani. Tulimbeba kwenye gari, mimi nimemshikilia mguu kwa mikono yangu miwili, damu inatoka katikati ya vidole, na aliniuliza mara tatu kama tumefika. Hatukufika.

Baada ya maziko Kapteni Marwa hakucheka tena. Alisimama ukingoni asubuhi nzima, kisha akaniita.

"Yule mama ni nani kwako?"

"Ni shangazi yangu, afande."

"Nilijua tangu zamani. Nilikuwa nangoja useme." Akauonyesha ukingo kwa kidole. "Kesho kutwa tunasafisha ukingo wote. Matete, migomba, nyumba. Nataka mtu akitoa kichwa majini nimwone. Sijui mpaka uko wapi na hakuna anayeniambia, kwa hiyo mpaka ni pale ninapoweza kuwalinda vijana wangu. Mama arudi ng'ambo kwa watu wake."

"Nyumba pia, afande?"

"Ungependa mwingine afe nyuma yake?"

Mpaka leo, mwanangu, sina jibu kamili. Nilikuwa bado naona damu ya Hamisi kwenye kucha zangu. Kama ningekuwa mimi ndiye mkuu wa kituo, huenda ningetoa amri ile ile. Akamalizia, "Nenda kaongee naye wewe, kwa lugha yenu. Mwambie unavyojua, ilimradi aondoke bila kelele. Sitaki askari wangu wamburute bibi kizee."

Sasa nafika mahali ambapo kwa miaka mingi nimekuwa nikiinuka kwenda kuwafungulia kuku.

Nilimkuta anapeta mchele. Alikuwa amemlilia Hamisi siku mbili, macho yamevimba. Nilikaa kwenye kile kizingiti alichokuwa akikaa Hamisi, na nilikuwa nimejiandaa njiani jinsi ya kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwangalia mikono, nikasema kitu kingine kabisa. Nikasema, "Shangazi, wakubwa wanataka uende ng'ambo kidogo, mpaka hali itulie. Wiki mbili, tatu. Ukingo si salama."

"Na nyumba?"

"Nyumba ipo. Tutaiangalia sisi."

"Wewe utaiangalia?"

"Mimi mwenyewe."

Akaniangalia usoni, nami nikaanza kumfukuza kuku aliyekuwa anadonoa mchele. Akasema, "Basi. Ndaga, mwanangu." Akanishukuru, Tusekile. Alichukua mkeka, sufuria moja, kanga zake na kuku wawili. Vilivyobaki aliviacha ndani kwa sababu atarudi, akafunga mlango, akautingisha kuona umeshika. Nilimvusha mwenyewe kwa mtumbwi. Alikuwa ananipa maelekezo kuhusu kuku waliobaki.

Nilijiambia nimemfanyia huruma. Nilijiambia kilio chake hakitakuwa na faida kwake wala kwangu. Ukweli ni kwamba sikutaka kuuona uso wake ukisikia. Huruma niliyokuwa nayo ilikuwa ya kwangu mwenyewe.

Tulibomoa baada ya siku moja. Kazi ya watu kumi, haikuchukua hata nusu ya asubuhi. Watu walianza kukusanyika ng'ambo, na yeye alikuwapo kati yao, amesimama, mikono ameining'iniza. Hakupiga kelele. Natamani angepiga. Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, mumewe aliuchonga mwenyewe, na askari mmoja akasema ni dhambi kuchoma mbao kama ile. Tukaupeleka kituoni tukaulaza juu ya magogo manne, ukawa meza yetu. Nilikula juu ya mlango ule miaka miwili na zaidi. Kwenye ukingo wake mmoja kulikuwa na mikato midogo ya kisu, mmoja juu ya mwingine, na nilidhani ni seremala alikuwa anapima mbao. Nilikuwa naipitishia kidole nikingoja chai.

Magendo yalipungua pale kwetu. Hakuna askari mwingine aliyepigwa kwenye kona ile nikiwapo. Nakwambia na hilo pia, kwa sababu ukikutana na mtu kama Kapteni Marwa usiende ukidhani anachokisema ni uongo.

Lakini masika ya mwaka wa tatu Songwe ikafura tena, na ilipopungua ilikuwa imerudi karibu na mkondo wake wa zamani. Hivi tu. Pale nyumba ilipokuwa pakawa tena ng'ambo, mchanga mtupu. Ukingo tuliokuwa tumeusafisha ulikuwa ukingo wa watu wengine. Kituo kikahamishwa kwenda juu zaidi penye miamba, na meza ile ikaachwa mvuani. Kapteni Marwa alikuwa ameshapangiwa kwingine. Hata sasa sijui kama wakubwa waliwahi kumjibu barua yake.

Nilimaliza mkataba wangu nikatoka, nikarudi huku kwenye migomba na chai. Watu walidhani nimechoka na jeshi. Jeshi lilinifundisha kuamka mapema, kumaliza nilichokianza, na kumwamini mtu aliye kulia kwangu, na hayo sijayajutia. Nilichoka na mimi mwenyewe.

Miaka ikapita sijavuka kwenda kumwona shangazi. Kila mara kulikuwa na sababu. Kisha babu yako Anyosisye akafariki, na shangazi akaja msibani. Alipanda kutoka kule hadi hapa Makandana, amezeeka, anatembelea fimbo, akakaa na wanawake akalia kama dada anavyomlilia kaka yake. Siku ya pili aliniita pembeni. Akaniuliza afya, akaniuliza mke, wewe ulikuwa tumboni. Kisha kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeuliza njia, akasema, "Mlango wangu mliupeleka wapi?"

Nikasema, "Sijui, shangazi. Walichukua wengine."

Nilikuwa mtu mzima, nimeoa, baba yangu amelala kaburini siku moja tu, na hakuna mkuu yeyote aliyekuwa amenituma. Uongo ule wa kwanza naweza kusema niliagizwa. Huu wa pili ulikuwa wangu peke yangu. Alitikisa kichwa, akarudi kwa wenzake.

Mama yako alisikia, alikuwa nyuma yetu na ndoo ya maji, na habari ya ile meza nilikuwa nimeshamsimulia. Hakuniambia kitu mpaka wageni wote walipoondoka, kisha akasema, "Mimi sitaki kuzaa mtoto kwenye nyumba yenye jambo hilo. Nenda kamwambie." Unamfahamu mama yako. Nikaenda.

Nilimkuta kwenye kijumba kingine, mbali na mto, mlango wake ni bati lililofungwa kwa waya. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia yote. Kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa nyumba inabomolewa. Kwamba nilikuwa miongoni mwa wale kumi. Kwamba mlango ulikuwa meza yetu, na nilikula juu yake, na mwisho tukauacha unyeshewe. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atanifukuza, na nadhani nilitaka anifukuze.

Akasema, "Ulikuwa na mikato pembeni. Uliiona?"

"Niliiona. Nilidhani ni ya seremala."

"Ni watoto. Baba yao alikuwa anawasimamisha pale kila mwaka mpya, anakata kichwa kilipofika. Ule wa chini kabisa ni wa yule mdogo, aliyefariki. Hana alama nyingine duniani." Kisha akasema neno ambalo, mwanangu, ndilo linalonifanya niandike barua hii yote: "Ungeniambia siku ile, ningeung'oa mwenyewe. Bawaba tatu tu. Asubuhi moja ingenitosha, na ningeondoka bila kelele."

Nyumba ingebomolewa hata hivyo. Siku hizi naweza kulisema hilo bila kujitetea. Mto, magendo, Hamisi, wakubwa wasiojibu, yote hayo yalikuwa makubwa kuliko mimi. Lakini mlango haukuchukuliwa na dola yoyote. Uliondoka kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema mimi, nimekaa kizingitini, kwa lugha ya nyumbani. Nilichaguliwa kwa kuwa nilijua lugha, na hivyo ndivyo nilivyoitumia.

Nilimtengenezea mlango mwingine. Si unanijua mimi na useremala. Niliuvusha Kasumulu juu ya pikipiki ya kukodi, na afisa pale mpakani akaniuliza kwa upole kama hiyo ni bidhaa. Nikamwambia ni mlango. Akauliza wa wapi. Nikasema wa shangazi yangu. Akauangalia, akaniangalia, akasema, "Umepinda, mzee," akanipisha. Ulikuwa umepinda kweli. Tuliuchonga upande mmoja ukaingia, lakini kuufunga ilibidi uunyanyue kidogo. Shangazi aliunyanyua hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, na kila nilipomtembelea hakuacha kunitania mbele ya wageni. Sikusikia kamwe akisema amenisamehe. Alinipa chakula.

Na wewe unamjua, ila hujui kwamba unamjua. Ulipokuwa na miaka minne au mitano alikuja hapa kutibiwa, akakaa kwetu wiki mbili. Uliwahi kuniuliza yule bibi aliyekuwa anakusuka nywele pale nje huku anakuimbia, na vidole vyake vinanuka moshi, alikuwa nani. Nikakujibu, ndugu. Alikuwa yeye. Alifariki mwaka uliofuata, nilivuka kwenda kumzika.

Sasa nikujibu swali lako. Sikutaka uende kwa sababu wewe ni mtiifu, Tusekile. Tangu utoto ukitumwa unakwenda, na unafanya vizuri, na watu wanakupenda kwa hilo. Mimi pia nilikuwa hivyo. Niliogopa siku utakayopewa kazi ya kwenda kuongea na mtu kwa sababu una sauti nzuri na uso wa upole. Utakuwa na ramani mkononi, na aliyekutuma atakuwa na sababu nzuri, huenda atakuwa na rafiki aliyemzika wiki ile. Mstari itabidi upite mahali fulani. Mistari ya namna hiyo imekuwa ikipita tangu enzi za watemi na mikuki yao, na sina uwezo wa kukuambia usiiweke. Nchi isiyojilinda sijaiona. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyesimama mahali pale ana haki ya kujua kweli inayomjia, hata kama wewe huwezi kuizuia, na kwamba atajua cha kufanya na asubuhi yake moja kuliko unavyodhani. Mwangalie usoni, umwambie. Atalia. Kaa hapo akilia.

Wiki hizi tatu nimekunyima ruhusa bila kusema nakunyima, na huo nao ulikuwa uongo wa namna yangu. Leo nasema waziwazi: nenda. Nimekubali, na nakuombea kwa Mungu uende salama na urudi salama. Nilikuona ukipima kiwanja cha jirani kule Ibighi, jinsi ulivyorudia kipimo kwa sababu uzi ulilegea kidogo tu na hakuna mwingine aliyeona. Wanapata mtu mzuri.

Mama yako amepita hapa akachungulia, anasema umeonekana barabarani unapanda na mkungu wa ndizi kutoka kwa bibi yako, kana kwamba huko uendako hakuna chakula. Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke chini ya begi lako uikute ukishafika. Nimebadilisha mawazo. Nitakupa mkononi sasa hivi, ukishatua mzigo na kunywa maji. Utaisoma hapa mezani nami nimekaa mbele yako. Ukitaka kuniuliza lolote, uliza. Sitainuka.

Baba yako,
Ambakisye